Gereji, Gereji, Nyundo

Foleni ya vifurushi posta ilikuwa imetoka nje ya mlango ikakunja kona, na mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akiwachelewesha wenzake wote. Kijana mrefu, miwani ya fremu nyeusi, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Alikuwa anabishana na karani juu ya kitu cha chuma kipana, mfano wa mabakuli mawili makubwa yaliyofunikana midomo.

"Nimeshakwambia ni ala ya muziki," alisema kijana. "Inaitwa hendipani. Niliipeleka kwa aliyeitengeneza airekebishe sauti, sasa imerudi."

"Mimi naona sufuria iliyobonyea," karani alijibu. "Hapa shimo, hapa shimo, hapa tena. Mashimo manane. Sikupi mpaka usaini kwamba imefika mbovu, kesho usije kutusumbua."

"Si mbovu."

"Basi mashimo ya nini?"

Nyuma ya kijana alisimama mwanamke wa ovaroli ya bluu, mikono ameikunja mpaka viwikoni, kichwani kitambaa chekundu, na kucha amezipaka rangi nyekundu hiyohiyo kwenye vidole vyenye sugu. Alikuja kuchukua mashine ya kupulizia rangi, na subira ilikuwa imemwishia nusu saa iliyopita.

"Samahani, kaka," alimwambia karani. "Hicho kitu hakijabonyea. Kimebonyezwa."

"Tofauti yake?"

"Mwaka wa kumi huu nanyoosha bodi za magari. Gari likigongwa, shimo linakaa linavyotaka lenyewe. Haya yamepangwa. Ona kingo zilivyonyooka, ona yanavyopungua ukubwa moja baada ya jingine. Kuna mtu alikaa chini na nyundo ndogo akayafanya kwa makusudi. Mpe kaka wa watu mzigo wake, jua linatuunguza."

Watu wakacheka. Karani akasukuma karatasi, kijana akasaini, foleni ikasogea.

Kijana alimsubiri nje kwenye ngazi. Mwanamke alipotoka na boksi lake begani, kijana alikuwa ameshaketi na ile ala mapajani.

"Umenisaidia. Nikupigie kidogo?"

"Piga, lakini mwenzio nina gari la watu linanisubiri."

Akapiga. Mimi siwezi kuwaeleza sauti ya hendipani mkaisikia, ila niseme kwamba mama mmoja aliyekuwa anagombana kwenye simu alikata simu. Yule fundi wa bodi za magari aliweka boksi chini. Alisimama pale mpaka mwisho, gari la watu akalisahau.

"Anafundisha nani hiyo?"

"Mimi. Siku za kazi napima watu macho, Jumamosi asubuhi nafundisha wanaoanza." Akaitazama mikono yake, ile mikono yenye kucha nyekundu, akasita. "Ila mkono wako…"

"Mkono wangu una nini?"

"Hauna kitu. Njoo."

Angesema alichotaka kusema siku ile, wangeachana palepale kwenye ngazi na mimi nisingekuwa na hadithi.

Darasa lilikuwa chumba cha juu cha duka la nguo la dada mkubwa wa huyo Mpima Macho. Wanafunzi saba na Fundi wa nane, na ala mbili za darasa za kupokezana. Somo la kwanza lilikuwa moja tu: mkono uguse na uondoke.

"Umewahi kugusa pasi kujua kama imepata moto?" alimuuliza. "Hivyohivyo. Ukikaa, unaiziba sauti. Ukigonga, unaipigisha kelele."

Fundi akagusa. Ikalia bati.

"Taratibu, mpenzi mwanafunzi."

"Unawaita wote hivyo?"

"Hapana," alisema Mpima Macho, na mkunga mstaafu aliyekaa pembeni akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua.

Somo la pili likawa hesabu. Mapigo manane, yagawanywe tatu, tatu, mbili. Mpima Macho aliwafundisha kwa maneno, kila silabi pigo moja: kitabu, kitabu, meza. Wenzake wakalishika. Fundi alipotea kila akifika kwenye meza, wiki mbili nzima, mpaka siku aliyokasirika.

"Mimi na kitabu tuliachana zamani," alisema. "Ngoja." Akaanza, kulia, kushoto, kulia: ge-re-ji, ge-re-ji, nyu-ndo. Ge-re-ji, ge-re-ji, nyu-ndo. Akaenda mizunguko kumi bila kukosea hata pigo moja. Jumamosi iliyofuata darasa zima lilihesabu gereji, mwalimu akiwemo.

Na mapenzi? Yalikuja kwa simu.

"Umefanya mazoezi?"

"Nimefanya kwenye boneti la teksi. Mwenye teksi amekasirika."

"Umekula?"

"Hilo ni swali la mwalimu?"

"Ni swali la mtu anayetaka kula na wewe."

"Sema basi hivyo, Miwani. Unazunguka utadhani unatafuta maegesho."

Wakala pamoja, wakatembea pamoja. Alimpima macho bure akamwambia yana afya, akayatazama kwa muda mrefu kuliko kipimo kinavyotaka. Alimwita laazizi, naye akajifanya hapendi. Kwa miezi minne walikuwa watu wenye furaha, na ningeweza kuishia hapo kama binadamu wasingekuwa na ndugu.

Dada mkubwa hakuwa mtu mbaya. Alimlea mdogo wake tangu wazazi walipofariki, na alitaka awe na mke ambaye angemtambulisha kwa wateja wake bila kueleza mengi. Siku alipowakaribisha chakula cha mchana, Fundi alivaa gauni la kijani lililomkaa vizuri sana, lakini chini ya kucha mlikuwa na rangi ya gari isiyotoka kwa sabuni.

"Kazi yenyewe ngumu kwa mwanamke," alisema dada huku akipakua. "Lakini si neno. Ukiolewa utaiacha."

Fundi alimtazama Mpima Macho. Mpima Macho alitazama sahani yake.

Njiani akamuuliza. "Mbona ulikaa kimya?"

"Sikutaka ugomvi mezani. Na kusema kweli, wifi yako hajakosea sana. Mkono wako ni mzito, laazizi. Ukipumzisha nyundo miezi michache tu, utaona utakavyopiga."

"Na wewe pumzisha macho ya watu miezi michache, tuone utakavyopiga nyundo."

"Sijasema kwa ubaya."

"Najua. Ndiyo maana nimekujibu kwa mzaha. Ukirudia sitatania."

Hakurudia. Aliposafiri wiki nzima kupima macho ya wanafunzi kwenye shule za mbali, alimwachia hendipani yake mwenyewe, ile ya posta, ajiandae. Palikuwa na onyesho la wanaoanza mwezi uliofuata. "Sijawahi kumwachia mtu," alimwambia. Fundi akaipokea kwa mikono miwili.

Gereji ilikuwa ya mjomba wake Fundi, kaka wa mama yake. Huyu mzee ndiye aliyemshikisha nyundo akiwa na miaka kumi na tisa, wakati mafundi wengine walipogoma kufanya kazi na msichana. Aliwaambia asiyetaka achukue vifaa vyake aondoke, na wawili waliondoka kweli. Kwa hiyo mjue ninapomtaja Mjomba namtaja nani.

Sasa Mjomba alikuwa amemwona mpwa wake kila jioni akiinama juu ya lile karai la chuma ofisini, anapiga, anakunja uso, anaanza upya. Moyo ukamuuma. Alhamisi Fundi alikwenda kununua rangi. Mjomba akalifungua lile begi, akavaa miwani yake ya karibu, na akaona tatizo liko wapi. Mashimo manane.

Chini ya hendipani kuna tundu. Mjomba akapitisha nyenzo yake ndefu ya kunyooshea milango, akaegemeza, akagonga kwa nyundo ya mpira, taratibu, kwa ufundi wa miaka arobaini. Fundi aliporudi saa saba alikuta kitu kinang'aa mezani, laini pande zote, hakina hata alama.

"Nimekumalizia," alisema Mjomba, na uso wake wote ulikuwa unacheka. "Utapigaje kitu kimebonyea namna ile? Mwenyewe aliona haya kusema tu."

Fundi aliigusa katikati. Ikalia kama mlango wa friji. Akagusa pembeni, vilevile. Alitaka kukaa chini sakafuni alie. Akamtazama mzee, mikono yake bado ina jasho.

"Ahsante, Mjomba," alisema.

Jumamosi aliipeleka darasani kwa sababu hakuwa mtu wa kujificha. Mpima Macho alikuwa amerudi, amenyoa, ana zawadi mfukoni. Akafungua begi mbele ya wote. Akagusa mara moja, mara mbili. Rangi ilimtoka usoni.

"Umefanya nini?"

"Imeharibikia kwangu," alisema Fundi. "Jukumu ni langu."

Kama Mpima Macho angefikiri kidogo tu, angekumbuka ni nani aliyemtetea kwa karani na kwa hoja gani. Hakufikiri. Alikuwa na hasira, na hasira ikatoa kile alichokuwa amekitunza tangu siku ya ngazi.

"Nilijua. Dada aliniambia nikamkatalia. Mkono wa gereji hauwezi kushika kitu ukakiacha kilivyo. Lazima ugonge."

Fundi alirudisha hendipani kwenye begi, akafunga zipu.

"Iache," alisema Mpima Macho.

"Imeshakufa. Unataka maiti ya nini?" Akaitupia begani. "Na onyesho nitakuja. Msinifute kwenye orodha."

Simu zikaanza siku ya tatu. Hakupokea. Siku ya sita alipokea, kwa kuwa alikuwa amechoka kuiona inatetemeka juu ya benchi.

"Laazizi, nisamehe. Nilikuwa na hasira."

"Hasira nimeielewa. Ni maneno ambayo sijayaelewa."

"Nimeshasema nisamehe."

"Hujauliza ilikuwaje. Mpaka leo hujauliza."

"Inabadilisha nini? Iliharibika."

"Basi kwaheri."

"Subiri. Njoo kwenye onyesho, utatumia ala ya darasa. Nakuomba."

"Ala nitakuja nayo mwenyewe," alisema, akakata.

Ndipo akaanza. Kila asubuhi, saa moja kabla gereji haijafunguliwa, aliketi na lile karai, nyundo ndogo kuliko zote, na simu yenye programu ya kupimia sauti za gitaa. Alirudisha shimo moja katikati na kuligusa. Sindano ya kwenye simu ikacheza ikakataa kutulia. Akagonga ukingo kidogo, sauti ikapanda. Akazidisha, ikafa tena. Akaanza upya. Aligundua kwamba nyundo yenyewe ndiyo iliyokuwa inamfundisha: ukiishusha kwa nguvu ya kawaida umepoteza siku nzima, lazima uishushe kwa uzito wake tu na kuirudisha kabla haijatua. Mambo ambayo Mpima Macho alimweleza kwa pasi na kwa vitabu aliyapata kwa nyundo aliyoambiwa aipumzishe. Nasema hivi ili anayehusika asikie.

Wiki ya pili Mjomba aliwahi kazini akamkuta.

"Mbona unakibonyeza tena?"

Fundi aliendelea kugonga, na mzee si mjinga. Alivuta kiti.

"Yalikuwa ni ya makusudi, yale mashimo."

"Ndiyo, Mjomba."

"Na huyo kijana hajapita hapa siku zote hizi." Mzee alivua kofia. "Nakwenda kumwambia sasa hivi."

"Huendi. Akitaka kujua ana mdomo."

"Mwanangu, nimekuharibia."

"Hujaniharibia kitu. Wewe ulitaka kunisaidia. Yeye alitaka nini aliponisema mbele za watu? Mwache afikirie." Kisha akalainika, akaushika mkono wa mzee. "Nishikie hapa pembeni, isiteleze."

Siku ya onyesho ikafika, Jumamosi alasiri, jua bado kali madirishani. Dada mkubwa alipanga viti chini dukani kati ya nguo, akawaalika wateja wake. Waliopendeza walipendeza. Mkunga mstaafu alivaa hariri ya zambarau na hereni zinazogusa mabega. Fundi aliingia mwisho, na ovaroli ya bluu iliyofuliwa, ikapigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, kitambaa chekundu, kucha nyekundu.

"Hukupata nguo?" dada alimnong'oneza mlangoni.

"Hii ndiyo nguo yangu, wifi. Nimeipiga pasi kwa heshima yako."

Mpima Macho alikuwa amekonda. Alipoiona hendipani yake ikitoka kwenye begi alisimama, kisha akaketi. Ilikuwa na mashimo matatu, moja katikati na mawili ubavuni, na chuma kinachoyazunguka kina alama za nyundo ambazo hazikusuguliwa wala kufichwa.

"Nimepata sauti tatu tu," Fundi aliwaambia watu. "Moja imeshuka kidogo, mtanivumilia. Mdundo wa mwanzo hauhitaji zaidi."

Akaanza. Ge-re-ji, ge-re-ji, nyu-ndo. Mkono wa kulia ulishuka na kuondoka, wa kushoto ukafuata, na sauti ya katikati ikatoka nzito na safi, ikakaa hewani muda wake wote bila kuzibwa. Ile iliyoshuka iliuma kidogo sikioni kila ilipopita. Hakuikwepa hata mara moja. Aliipiga sawasawa na wenzake, akaikazia macho hadhira kana kwamba anamngoja wa kucheka. Hakucheka mtu. Mizunguko thelathini na mbili, bila kukosea, kisha akaweka viganja juu na kuizima.

Makofi yalipigwa mengi. Katikati ya makofi, nyuma kabisa karibu na kioo cha kujitazamia, mzee wa kofia alisimama. Hakuwa amealikwa.

"Ni mimi," alisema. "Mashimo niliyanyoosha mimi. Nilidhani imegongwa. Yeye hakuwepo."

"Mjomba, nilikwambia nini," alisema Fundi.

"Uliniambia, na nimeshindwa."

Mpima Macho alikuja mbele haraka, miwani mkononi, machozi yanamtoka wazi. "Kwa nini hukusema? Kumbe hukuwa wewe. Laazizi, kumbe si wewe kabisa."

Alinyoosha mkono amshike. Fundi akarudi nyuma hatua moja.

"Kwa hiyo sasa nimekuwa msafi," alisema. "Kwa kuwa si mimi."

"Ndiyo, mpenzi, nilikosea."

"Hapana. Nataka unijibu hivi. Ingekuwa ni mimi? Nyundo ingeniponyoka ikatua hapo, kwa sababu nafanya kazi ya nyundo na siku moja itaniponyoka. Ungesema uliyoyasema?"

Mpima Macho angeweza kudanganya. Wengi wangedanganya.

"Ningesema," alijibu. "Siku ile ningesema. Na ningekuwa nimekosea vilevile. Hayakuwa maneno ya chombo. Nilikuwa nataka uwe mtu mwingine, nikapata kisingizio."

"Yaishe basi," dada aliingilia, sauti ya kuwapatanisha wateja. "Mtaoana, gereji ataiacha, haya yote tutayasahau."

"Hataiacha, dada," alisema Mpima Macho, safari hii hakutazama sahani wala sakafu, alimtazama yeye. "Na usimwambie tena. Ulinilea, nakuheshimu, lakini hilo usimwambie tena." Akamgeukia Fundi. "Nataka nikuoe."

"Unaniomba mbele za watu ili nione haya kukataa?"

"Nilikutukana mbele yao. Nikuombe wapi?"

Mkunga mstaafu alisema "Eee" kwa sauti ndogo. Fundi alimwangalia yule mwanaume kuanzia viatu mpaka nywele. Alimpenda, hilo halikuwa na mjadala, alikuwa anampenda hata alipokuwa anakata simu.

"Jumatatu," alisema. "Saa nne asubuhi. Njoo uniombe ninapofanyia kazi."

Jumatatu saa nne alifika. Shati jeupe, kifungo mpaka shingoni, amemwacha mgonjwa wa macho kwa mwenzake. Mashine ya upepo ilikuwa inaunguruma, mafundi watano wanasugua chuma, na harufu ya thina ya kuyeyushia rangi inakata pua. Fundi alikuwa amechuchumaa kwenye mlango wa gari uliogongwa vibaya.

Alisema. Hakusikika. Akasema tena, kwa nguvu zaidi, na Mjomba akanyoosha mkono azime mashine.

"Usizime," alisema Fundi.

Basi akapaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na mafundi wote watano wakaacha kusugua wakamsikia mpima macho wa watu anamtaka mpwa wa bosi, na nyundo yake, na kazi yake, na maisha yake yote.

Fundi alichukua kipande kizito cha chuma cha kuegemezea, akampa.

"Kishike nyuma ya mlango. Hapo. Vidole vyako viwe karibu na ukingo, kaza."

"Vidole ndivyo ninavyofanyia kazi."

"Na mimi."

Mpima Macho akapitisha mikono yake nyuma ya bati, akakishika chuma mahali alipoambiwa. Hakuiona nyundo, aliona uso wa Fundi tu. Fundi akainua, akapiga. Akapiga tena, sentimita mbili kutoka kwenye vidole vya mwanaume, na vile vidole havikusogea. Akapiga mpaka bati likarudi mahali pake.

"Haya," alisema, akajifuta jasho kwa mkono. "Mpigie wifi simu, apange tarehe. Isiwe siku ya kazi."